Kokoto za Reli ya Mezani

NKWABI: Umeng'oa reli yangu.

STANSLAUS: Haloo? Nani mwenzangu?

NKWABI: Umeing'oa yote. Kuanzia mlangoni mpaka dirishani.

STANSLAUS: Nani wewe? Hii namba sina—

NKWABI: Nkwabi. Napiga kwa namba mpya ya Mama, maana yangu huipokei.

STANSLAUS: Aaa, mdogo wangu. Shikamoo zimekwisha huko Shinyanga?

NKWABI: Zimekwisha.

STANSLAUS: Nakuzidi miaka sita, ujue.

NKWABI: Hata ungenizidi sitini. Reli iko wapi?

STANSLAUS: Reli gani tena? Sema taratibu, huku karasha inasaga mawe, sisikii vi—

NKWABI: Toka hapo kwenye karasha.

STANSLAUS: Siwezi kuacha kazi ya—

NKWABI: Stanslaus! Toka hapo!

STANSLAUS: [mngurumo wa mashine unapungua] Haya, nimetoka. Nimesimama nyuma ya choo cha mgodi. Umefurahi?

NKWABI: Nimerudi sasa hivi kutoka Mhunze. Siku tatu nilikuwa kwa seremala nasubiri miguu ya meza. Nafungua chumba, nakuta ubao mtupu. Umekwanguliwa kama ngozi ya mbuzi.

STANSLAUS: Mama amesemaje?

NKWABI: Mama anasema ulikuja Jumatatu, ukamwambia mimi ndiye niliyekutuma. Kwamba unaipeleka ikapakwe rangi.

STANSLAUS: Sikusema rangi. Nilisema ikasafishwe.

NKWABI: Kwa hiyo ni wewe.

STANSLAUS: [kimya]

NKWABI: Umejibu vizuri.

STANSLAUS: Niliazima.

NKWABI: Mtu anaazima kwa tindo? Ubao una mashimo ya tindo kama uso wa mgonjwa wa ndui. Na jembe! Umelima chumba changu, Stanslaus?

STANSLAUS: Halikuwa jembe. Ulikuwa mwiko wa fundi. Usinizushie.

NKWABI: Samahani sana, Bwana Mwiko.

STANSLAUS: Sikiliza, Nkwabi. Wewe ni mtu mzima, una wajukuu wawili. Unanipigia kelele kwa sababu ya mdoli?

NKWABI: Si mdoli.

STANSLAUS: Ni mdoli wa treni! Mtaa mzima wa Ngokolo wanacheka. Mzee wa miaka hamsini na mbili anajifungia ndani na miavuli mibovu, anapinda mabati, anapanda vimiti kwa kibanio cha nyusi—

NKWABI: Na mzee wa miaka hamsini na nane anamwibia huyo mwenye mdoli. Nani wa kuchekwa?

STANSLAUS: Usiniite mwizi. Mimi ni kaka yako.

NKWABI: Gashi, kumbe kaka naye anaiba. Sikujua.

STANSLAUS: Nkwabi, angalia mdomo—

NKWABI: Kesho saa nne asubuhi watu wa chuo wanakuja. Unawajua? Mama alikwambia. Ulikaa hapa sebuleni, ukala wali wake, akakwambia kwa furaha kabisa kwamba Nkwabi anakuja kutazamwa.

STANSLAUS: Alinigusia.

NKWABI: Alikugusia. Ukamaliza wali, ukachukua tindo.

STANSLAUS: [mtandao unakwaruza] ...si chuo tu hicho, vyuo viko ving—

NKWABI: Viko vingi kwa mwenye cheti. Mimi nimeishia darasa la tano. Miaka kumi na nane kwenye gengi la reli, nimebeba mataruma kwa bega hili mpaka likashuka, walipotupunguza sikupewa hata karatasi ya kusema nilikuwepo. Chuo kinataka mtu wa kuwafundisha vijana njia ya reli kwa mikono. Mhandisi Mariana akaniambia, mzee, vyeti huna, basi nionyeshe unachokijua. Nikamwonyesha picha mbili kwenye simu. Akasema nitakuja mwenyewe niione kwa macho. Hicho ndicho kilikuwa cheti changu. Kipo wapi?

STANSLAUS: Mwambie aje wiki ijayo.

NKWABI: Nimempigia kabla yako. Kuna wengine wawili, wana vyeti mpaka vya kufungia maandazi. Kamati inakaa kesho mchana. Hairudi.

STANSLAUS: Kesho bado. Una mchana huu na usiku kucha. Mwaga kokoto nyingine uendelee.

NKWABI: Mwaga kokoto nyingine.

STANSLAUS: Si vijiwe tu? Chukua hapo barabarani.

NKWABI: Unajua kokoto za reli zinafanya kazi gani?

STANSLAUS: Sina haja ya kuju—

NKWABI: Zinashika taruma. Taruma linashika reli. Ukitoa kokoto, hiyo si reli tena, ni ngazi imelala chini. Na wewe hukutoa kokoto peke yake. Nilizimwagia gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tone kwa tone, kwa bomba la sindano, mpaka zikashikana kuwa kitu kimoja. Ulipopiga tindo, kokoto zikaondoka na mataruma, na mataruma yakaondoka na reli. Vyote nimekuta havipo. Mama yuko uani na beseni anaokota miti.

STANSLAUS: Miti sikuichukua.

NKWABI: Uliikanyaga.

STANSLAUS: Ilikuwa njiani.

NKWABI: Ilikuwa njiani! Ile migunga nimeitengeneza kwa ncha za mashina ya pamba. Nimekwenda mpaka Didia kuyachagua shambani, moja moja, yale yaliyopinda upande mmoja kwa upepo, kwa sababu migunga ya stesheni ya kweli ninayoiiga imepinda upande mmoja. Majani ni sifongo la godoro, nimelichemsha na rangi. Udongo ni udongo wenyewe wa mbuga, mweusi, nimeuacha upasuke wenyewe juani ndipo nikaubandika. Hata vile vichuguu vinne vipo vinne, si vitatu.

STANSLAUS: Na nani atavihesabu?

NKWABI: Mimi.

STANSLAUS: [anacheka] Haya. Mungu akupe nini zaidi.

NKWABI: Cheka tu. Cheka halafu unijibu. Hivyo vitu viko wapi? Nina pikipiki ya mtu hapa mlangoni, nakuja Geita sasa hivi. Nitarudi navyo, nitalehemu mpaka asubuhi. Hata nikipata nusu, hata ile njia ya kupishania peke yake, nitamwonyesha hiyo. Sema viko wapi.

STANSLAUS: Vipo.

NKWABI: Vipo wapi?

STANSLAUS: Vipo salama. Usije leo, barabara mbaya.

NKWABI: Barabara ni lami.

STANSLAUS: Nasema usije.

NKWABI: Mbona hukuchukua kichwa cha treni?

STANSLAUS: Nini?

NKWABI: Kichwa cha treni kipo rafuni. Kina mota ya redio, kina shaba, kina taa. Mwizi wa kawaida angeanza na hicho. Hukukigusa. Mabehewa hukuyagusa. Umechukua njia tu. Umechukua na kile kilima cha mawe cha mwishoni. Mawe tu, Stanslaus.

STANSLAUS: Nkwabi—

NKWABI: Uliyatambua.

STANSLAUS: [mtandao unakwaruza]

NKWABI: Usijifanye mtandao. Uliyatambua.

STANSLAUS: Unadhani mimi kipofu? Miaka thelathini nimekaa shimoni. Nimeinama nitazame hiyo treni yako nimfurahishe Mama, nikamulika tochi. Naona jiwe la bluu, lina mstari wa kutu katikati, na kutu yenyewe ina mafuta. Jiwe la namna ile limetoka duara moja tu, shimo moja dunia nzima. Duara langu. Nalijua kama meno yangu.

NKWABI: Duara letu.

STANSLAUS: Langu! Leseni ilikuwa na jina langu. Na wewe ulinitazama machoni, siku ya arobaini ya ndugu yetu Edward, ukaniambia mfuko wake wa mawe nimeutupa mbugani. Ulisema hivyo au hukusema?

NKWABI: Nilisema.

STANSLAUS: Kumbe miaka minane umeulalia!

NKWABI: Ulikuwa chini ya kitanda cha Mama.

STANSLAUS: Mama alijua?

NKWABI: Mama ndiye aliyesema usiliwe. Na wewe ulikuwepo, ulikuwa umekaa kwenye ndoo. Alisema huu mfuko ndio wa mwisho mwanangu aliopandisha kwa kamba, yeye mwenyewe hakupanda. Hakuna mtu atakayeusaga akala. Ulitikisa kichwa ukakubali.

STANSLAUS: Ningekataa vipi mbele ya waombolezaji?

NKWABI: Basi mimi sikuutupa, kwa sababu sikuweza. Nilifika mbugani nikarudi nao. Ndiyo, nilikudanganya. Nilijua ukijua upo utaupigia hesabu.

STANSLAUS: Halafu mwenyewe ukausaga! Mtakatifu! Wewe ukiusaga ni sawa, mimi nikiusaga ni mwizi?

NKWABI: Sikuusaga nikala. Mwaka juzi nilitafuta kokoto, kila jiwe ninalolivunja linatoka mviringo au linatoka unga. Mama ndiye aliyeniambia. Alisema chukua yale ya Edward, yanavunjika vizuri, yana kona. Nimeyagonga kwa nyundo kwenye kinu cha chuma, yeye anachekecha kwa chujio la chai. Mama yako mwenye miaka sabini na tisa amekaa kibarazani miezi miwili anachekecha. Akasema, sasa yatalala mahali watu watayaona.

STANSLAUS: [kimya]

NKWABI: Upo?

STANSLAUS: Nipo.

NKWABI: Nipe jibu basi. Nakuja kuyachukua wapi?

STANSLAUS: Hayapo.

NKWABI: Umeyauza?

STANSLAUS: Hayapo, nimesema.

NKWABI: Umeyasaga.

STANSLAUS: Jumatatu hiyo hiyo.

NKWABI: [kimya]

STANSLAUS: Nkwabi. Haloo?

NKWABI: Pamoja na mataruma?

STANSLAUS: Yalikuwa yameganda na mawe. Ningeyabandua moja moja kwa kucha?

NKWABI: Na reli?

STANSLAUS: Reli nilizivuta zikapinda. Zipo hapa kwenye lundo la chuma chakavu. Ukizitaka nitakupa.

NKWABI: Asante sana kwa ukarimu.

STANSLAUS: Na usianze kunikejeli, maana hata mimi nina neno na wewe. Ulitia nini kwenye yale mawe?

NKWABI: Nimekwambia. Gundi.

STANSLAUS: Nimeyasaga unga laini kabisa. Nimetia zebaki. Mchimbaji yeyote anajua, zebaki ikiona dhahabu inaikamata. Yangu inateleza tu! Inapita juu ya mchanga kama maji juu ya nyoya la bata. Nimekoroga mpaka mkono umekufa. Vijana wananitazama.

NKWABI: Unga wote umevaa gundi. Zebaki itakamata nini?

STANSLAUS: Sasa ungeniambia!

NKWABI: Ningekwambia saa ngapi? Unapoiba huwa unapiga simu kwanza?

STANSLAUS: Nikasema basi, hii gundi itoke kwa moto. Nikamwaga kwenye karai, nikachoma kwa mkaa debe zima. Moshi wake, Nkwabi! Watu walikimbia. Ulipoisha nikaona mchanga mweusi safi, nikatia zebaki upya. Safari hii ikakamata.

NKWABI: Ikakamata nini?

STANSLAUS: Donge. Donge kubwa kama yai la kanga! Tangu nimeanza kuchimba sijawahi kukamua donge la namna ile kwenye kitambaa. Nililishika hivi mkononi, nikapiga magoti. Nikasema Edward, kumbe kweli. Nikaita watu wote wa mwalo, pale tunapooshea mchanga. Nikachinja mbuzi.

NKWABI: Ulichinja mbuzi kabla hujachoma donge?

STANSLAUS: Wewe hukuliona.

NKWABI: Miaka thelathini shimoni, na unachinja mbuzi kabla hujachoma donge.

STANSLAUS: Usinifundishe kazi yangu! Wameshakula, wameshapiga makofi, ndipo nikalichoma mbele yao zebaki iruke. Inaruka, inaruka, nangoja njano. Njano haiji. Likabaki dude la kijivu, zito, laini, kama sabuni iliyooza. Mnunuzi wa dhahabu akalikwaruza kwa kisu. Akaninusisha. Akasema mzee, hii ni risasi ya kulehemu redio. Akacheka. Watu wote wakacheka, mafuta ya mbuzi wangu bado yako midomoni mwao.

NKWABI: Mataruma niliyalehemu kwenye reli. Kila taruma sehemu mbili. Ulipochoma, risasi ikayeyuka ikaingia mchangani. Zebaki inakula risasi kuliko inavyokula dhahabu.

STANSLAUS: Na ulijua!

NKWABI: Kila fundi redio anajua.

STANSLAUS: Umeniaibisha mbele ya vijana wangu! Sasa wananiita Mzee Redio! Leo asubuhi mmoja ananiuliza, mzee, umeshika stesheni gani?

NKWABI: [kimya]

STANSLAUS: Unacheka?

NKWABI: Sicheki. Ninatazama ubao.

STANSLAUS: Ungekuwa umeutupa kama ulivyosema, haya yote yasingetokea. Uongo wako ndio chanzo.

NKWABI: Uongo wangu ndio ulioshika tindo.

STANSLAUS: Ndiyo!

NKWABI: Na njaa yako ya dhahabu haimo.

STANSLAUS: Haikuwa njaa! Unadhani nilikuwa nataka kula? Nina karasha mbili. Nina nyumba. Violeth binti yangu ni nesi, hanidai ada. Nusu mfuko wa mawe ungenipa nini?

NKWABI: Ndiyo nakuuliza. Ungekupa nini?

STANSLAUS: Nilitaka kujua.

NKWABI: Kujua nini?

STANSLAUS: [mtandao unakwaruza]

NKWABI: Kujua nini, Stanslaus?

STANSLAUS: Edward alipiga kelele kutoka chini. Wewe ulisikia. Kaka, imekuja! Alisema dhahabu imekuja, Nkwabi. Mimi nilikuwa nimeshasema watu wapande. Saa ilikuwa imefika. Halafu akasema imekuja, nikamwambia basi—

NKWABI: Ukamwambia jaza mfuko.

STANSLAUS: Nusu. Nilisema nusu tu, kisha upande juu.

NKWABI: Na matimba ya kuzuia ukuta yalikuwa mangapi siku ile?

STANSLAUS: Usianze.

NKWABI: Yalitakiwa kumi na mbili. Nauliza yalikuwa mangapi.

STANSLAUS: Na kwenye kamba alikuwa nani? Mfuko ulifika juu, kamba ikatakiwa irudi chini imchukue kabla ukuta haujaanguka. Nani alikuwa ameshika kamba, Nkwabi? Kamba ilichukua muda gani kurudi?

NKWABI: [kimya]

STANSLAUS: Umenyamaza.

NKWABI: Nilikuwa nafungua mfuko.

STANSLAUS: Ulikuwa nini?

NKWABI: Nilikuwa nafungua mfuko nione. Na mimi nilisikia aliposema imekuja.

STANSLAUS: [karasha inasikika kwa mbali]

NKWABI: Haya. Umeshajua. Tuendelee na reli.

STANSLAUS: Hujawahi kuniambia hilo.

NKWABI: Sikuambii sasa. Tuendelee na reli.

STANSLAUS: Miaka minane unanitazama mimi kana kwamba ni peke ya—

NKWABI: Nimesema tuendelee na reli! Mhandisi anakuja kesho saa nne. Nimwonyeshe nini? Nimwonyeshe mashimo ya tindo? Nimwambie hapa palikuwa na njia, kaka yangu aliinywesha zebaki?

STANSLAUS: Nitakuja mimi. Nitamweleza.

NKWABI: Utamweleza nini wewe? Mwalimu wa reli anayeshindwa kulinda reli ya mezani. Atasema hivyo moyoni, na ni kweli.

STANSLAUS: Basi nikuletee vijana sita. Walehemu usiku huu. Nikuletee mwavuli, makopo, kila ki—

NKWABI: Reli nakata kwenye vyuma vya mwavuli, kipimo ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya kweli. Taruma nakata kwenye kopo la maziwa, nalikunja kingo zote nne kama yalivyo yale ya chuma, natoboa, napaka chumvi na siki, nalilaza nje siku tatu lishike kutu. Kutu ya siku moja ni nyekundu. Ya siku tatu ni ya kahawia, kama ya kweli. Vijana wako sita wana siku tatu usiku huu?

STANSLAUS: Yasiposhika kutu si basi tu? Yawe yanang'aa.

NKWABI: Umewahi kuona taruma linang'aa?

STANSLAUS: Nipe Mama.

NKWABI: Mama ana kazi.

STANSLAUS: Mpe simu mama yangu.

NKWABI: Nimemwambia ni wewe. Ameinua mkono hivi, akaendelea na beseni lake.

STANSLAUS: Amejua kwamba nimeyasaga?

NKWABI: Nazungumza mlangoni, yuko hatua tano. Wewe unaonaje?

STANSLAUS: Mwambie... mwambie nitaleta ng'ombe. Nitafanya jambo, tumuite katekista, tum—

NKWABI: Ng'ombe wa nini? Uchinje tena kabla ya kuchoma?

STANSLAUS: Nkwabi, mimi nimeshasema nimekosa!

NKWABI: Hujasema.

STANSLAUS: Nimesema!

NKWABI: Yaya, hapana. Umesema gundi, umesema risasi, umesema mbuzi, umesema mimi mwongo. Hilo jingine hujasema, na sasa usiliseme, litanitia kichefuchefu.

STANSLAUS: Una roho ngumu wewe.

NKWABI: Tulinyonya ziwa moja.

STANSLAUS: [sauti ya mtandao: "Mteja, salio lako..."] Nini hicho?

NKWABI: Salio la Mama linakwisha.

STANSLAUS: Kata, nipige mimi.

NKWABI: Usipige. Hatutapokea.

STANSLAUS: Mpaka lini?

NKWABI: Sijui. Sikiliza, nahesabu mara moja tu. Mataruma mia sita arobaini na nne. Vipande vya reli sabini na saba, nilivikata sentimita thelathini thelathini. Migunga sitini, imesalimika minane. Vichuguu vinne, kimebaki kimoja. Miezi kumi na tisa yangu, miezi miwili ya Mama. Kazi ya chuo, moja, na nyingine sitaitiwa.

STANSLAUS: Nkwabi, mdogo wangu—

NKWABI: Hiyo ni hesabu ya kwangu. Taja ya kwako. Mfuko wa Edward umetoa nini?

STANSLAUS: Si nimekwambia, ilikuwa risasi tu—

NKWABI: Mnunuzi hatupi donge. Aliliosha kwa asidi, risasi ikaisha, kikabaki kitu. Kilibaki kiasi gani?

STANSLAUS: Haina maana.

NKWABI: Ulitaka kujua. Na mimi nataka. Zimebaki sekunde.

STANSLAUS: Aliweka kwenye mzani mara mbili. Nilimwambia arudie.

NKWABI: Namba, Stanslaus.

STANSLAUS: Pointi nane. Hata gramu moja haikufika.